AlphaFold Server kwa mutesheni moja: picha safi sana, ila msiipe kazi isiyo yake

Sifa kwanza maana inastahili. AlphaFold Server, huduma ya mtandaoni inayotabiri umbo la protini, ni bure kwa kazi isiyo ya biashara, unahitaji akaunti ya Google tu, unabandika mfuatano wa asidi-amino (vijenzi vya protini, kila kimoja kwa herufi yake), unasubiri, unapata modeli 5 zenye rangi za uhakika, bluu iliyokoza ni zaidi ya 90 kati ya 100 na chungwa ni chini ya 50. Kwa protini ndogo ya bakteria kama barnase ya Bacillus amyloliquefaciens, asidi-amino 110, umbo linatoka safi kabisa na unalizungusha hapo hapo kwenye brauza. Kwa upande huo nyota 5, sina ubishi.

Shida inaanza pale mtu anapobadilisha herufi moja (ndiyo mutesheni yenyewe, asidi-amino moja kuwa nyingine), anairudisha humo, alafu anaona bado ni bluu tupu anasema "mutesheni haina madhara". Jamani hapana! Kwenye hiyo hiyo barnase nafasi ya 96 kuna asidi-amino isolusini iliyozama kwenye kiini, weka valini, ndogo kidogo, uimara unashuka takriban kilokalori 1 kwa moli (kipimo cha nishati inayoshikilia mkunjo), weka alanini unapoteza kati ya 3 na 4 kwa sababu umeacha uwazi ndani, mahali ambapo kila kitu kilikuwa kimebanana. Na protini ndogo nyingi zinashikiliwa na kilokalori 5 hadi 15 tu kwa jumla, sasa ukitoa 4 hapo umebakiwa na nini? Mkunjo unaweza kubaki karibu ule ule ila protini inafumuka kwenye joto la chini zaidi, na picha moja iliyosimama haiwezi kukwambia hilo. Bluu ni uhakika wa modeli kuhusu mahali atomu zilipo, sio uimara wa protini. Waundaji wenyewe wameandika wazi kwamba AlphaFold haijathibitishwa kwa kutabiri athari za mutesheni, wala usitegemee ikuchoree protini iliyofumuka, basi tusome maelezo kabla ya kulalamika.

Na kuna wakati herufi moja inageuza umbo zima. GA98 na GB98, zilizobuniwa kutokana na vipande vya protini G ya Streptococcus, zina asidi-amino 56 kila moja na tofauti yao ni nafasi ya 45 tu, huku lusini, kule tairosini. Moja inakunja heliksi 3 (sehemu zilizojisokota kama springi), nyingine heliksi 1 na nyuzi 4 za beta (sehemu zilizonyooka zinazolala sambamba)! Ilichapishwa 2009 na mpaka leo naona ndo mtihani mgumu kuliko yote kwa huduma yoyote ya aina hii.

Kwa hiyo mi naitumia kupata umbo la protini ya asili tu, nafungua faili ndani ya ChimeraX, programu ya kutazama maumbo ya protini, naangalia nafasi ninayoitaka imezama au iko nje, imezungukwa na nini, hesabu ya nishati naipeleka kwa FoldX, programu inayokadiria mutesheni inabadilisha uimara kiasi gani, na neno la mwisho ni la maabara, pasha joto upime. Na nafasi za nje msizidharau, protini za mshtuko wa baridi za Bacillus subtilis na Bacillus caldolyticus zinatofautiana nafasi 12, lakini karibu tofauti yote ya uimara inatoka nafasi 2 tu, ya 3 na ya 66, na zote ziko juu juu kwenye uso, suala ni chaji.