Airbus A380: angani raha, chini foleni

Mwezi wa nne nilimpeleka mama Manchester akamwone kitukuu wake wa kwanza. Ana miaka 76 na magoti yanamsumbua. Kutoka Dar hadi Ghuba tulipanda ndege ya kawaida ya injini mbili, pale tukabadilisha, tukaingia A380. Shirika silitaji, kwa sababu nataka kuisema ndege yenyewe na ukubwa wake.

Mama alipoiona kwenye vioo vya ukumbi alinishika mkono. "Mwanangu, hii si meli?" Ghorofa mbili, injini nne, urefu karibu mita 73, na mabawa karibu mita 80 kutoka ncha hadi ncha. Sisi tulikaa chini: viti vitatu, ujia, vinne, ujia, vitatu. Ngazi ya kwenda juu ilikuwa imezuiwa kwa kamba.

Sifa zake kwanza, maana inastahili. Nimeshapanda ndege nyingi ambazo ukishuka masikio bado yanavuma. Humu, tulipokwisha kupaa, mama alitoa tasbihi yake nikawa nasikia punje zikigongana, moja baada ya nyingine, na dhikri yake ya kunong'ona neno kwa neno. Rubani alipotangaza tufunge mikanda kwa sababu ya hewa mbaya, chai kwenye kikombe changu ilitikisika juu juu tu, haikufika ukingoni. Kila baada ya saa moja nilimwinua tukazunguka, ujia mmoja kwenda, wa pili kurudi, bila kumsumbua mtu. Tulipofika miguu yake haikuwa imevimba. Kwa saa saba na nusu za angani sina neno baya hata moja.

Taabu ilikuja safari ya kurudi. Tulipewa safu ya 81, nyuma kabisa, na ndege ilitua ikiwa imechelewa dakika hamsini. Ndege hii ikijaa ina abiria kama mia tano, na wote husimama kwa pamoja kufungua makabati ya mizigo. Sisi tuliokuwa nyuma tulikaa tukitazama migongo ya watu. Nilihesabu dakika thelathini na tano mpaka kukanyaga nje, kisha tukangoja kiti cha magurudumu, kwa kuwa wazee waliokiomba walikuwa wengi. Geti la ndege ya Dar lilikuwa upande mwingine wa uwanja. Kijana aliyekuwa akimsukuma mama alikuwa akikimbia, Mungu ambariki. Tuliwahi wawili sisi, mabegi hayakuwahi. Yalifika Dar siku ya tatu, na dawa za presha za mama zilikuwa ndani ya lile lililofungwa kitambaa cha kanga. Hilo la dawa ni kosa langu, nisingeziweka huko. Ziweke mkobani.

Hapo ndipo ninapoona ndege hii haikutengenezwa kwa ajili ya msafiri kama mimi. Haiji Dar wala Nairobi kwa ratiba ya kawaida. Inaruka kati ya viwanja vikubwa, kwa hiyo sisi wa pembeni lazima tukusanywe kwanza, tubadilishe, tutembee, tungoje. Starehe yote ya angani unailipia kwa miguu. Mashirika nayo yalipiga hesabu zao: injini nne zinakula mafuta, na viti vingi hivyo lazima vijae ndipo safari ilipe. Ilianza kubeba abiria Oktoba 2007, kutoka Singapore kwenda Sydney. Februari 2019 Airbus wakatangaza kuacha kuitengeneza, na ya mwisho ikakabidhiwa Desemba 2021. Zote zilizokabidhiwa ni 251.

Ukiwa kijana, una begi la mgongoni na muda wa kutosha katikati, ipande, utaifurahia. Ukiwa na mzee au watoto wadogo, lipia kiti cha mbele mapema, na usikubali tiketi yenye chini ya saa tatu za kubadilisha ndege, hata wakala akuapie kwamba zinatosha.

Mjukuu wangu wa pili anatarajiwa mwezi wa kumi na mbili. Nimeshamwambia wakala anitafutie njia ya Nairobi hadi London kwa Dreamliner, ndege ya Boeing ya injini mbili, kisha treni. Mama ameuliza kama ile meli haipiti huko.