Nimelipia apu ya besiboli nione timu yangu ikifungwa, hata hilo wameninyima

Picha ni safi. Nalitaja mapema ili mtu asije akasema nimekuja kuponda tu. Ukifungua mechi ya Seattle na Texas, timu ambazo mimi hazinihusu hata chembe, unaona mpaka jasho la mrushaji. Sasa bonyeza mechi ya White Sox wa Chicago, timu pekee iliyonifanya nitoe hela, kioo kinakuwa cheusi tii na kimaandishi kinakuambia mechi haipatikani kwa sababu uko eneo la nyumbani la timu.

Nyumbani wapi jamani? Mimi niko Des Moines, Iowa. Chicago ni masaa matano kwa gari, hapo hujasimama kula wala kujaza mafuta. Nikaulizia kazini, jamaa mmoja mzee pale kiwandani akacheka akanishika bega, "kaka, karibu Iowa". Kumbe sisi huku tumeandikwa watu wa nyumbani kwa timu sita kwa mpigo: White Sox, Cubs, Cardinals wa St. Louis, Royals wa Kansas City, Twins wa Minnesota na Brewers wa Milwaukee. Na jimbo lenyewe halina hata timu moja ya ligi kuu! Kila timu imejikatia eneo la kulinda chaneli inayorusha mechi zake, zote sita zikaja kukutana juu ya paa letu. Na hiyo chaneli ya White Sox kampuni ya kebo ya huku mtaani kwangu haina. Wala usidhani ni mechi za Chicago tu, wakisafiri mpaka California huko bado kwangu ni giza.

Najua kuna mdau atauliza, mtu wa Kigoma na White Sox wapi na wapi. Agosti 2021 walicheza na Yankees wa New York hapa hapa Iowa, Dyersville, uwanja wameujenga katikati ya shamba la mahindi, wachezaji wanatokea ndani ya mahindi kabisa wanaingia uwanjani. Mechi inaelekea kuisha Yankees wanaongoza, Tim Anderson wa White Sox akapiga homu rani, lile pigo la kuvusha mpira nje ya uwanja, mpira ukaenda kupotelea shambani, 9-8, kwisha habari. Mimi utoto wangu wote nimepalilia mahindi, nikasema basi, hawa ndio watu wangu. Mwaka ule waliongoza kundi lao. Baada ya hapo ni kuporomoka tu, 2023 wakafungwa mechi 101, na 2024 ndio usiseme, mechi 121 kati ya 162. Katika besiboli ya zama hizi hakuna aliyewahi kufika huko, Mets wa New York mwaka 1962 waliishia 120 na wale angalau walikuwa timu mpya, ndio kwanza imeanzishwa.

Sasa nije kwenye kilichonileta. Ni ule msimu wa 2024, katikati ya ule mkosi wa kufungwa mechi 21 mfululizo, sikumbuki walikuwa wamefikia ya ngapi. Nimetoka shifti, miguu inauma, nimefungua apu, nyeusi. Siku hiyo nikasema hapana, leo naongea na binadamu. Nikaingia kwenye chati ya kastama kea, roboti likanizungusha weee mpaka mwisho akaja mtu, akaniomba zip kodi, namba ya posta ya mtaa wangu, nikampa, akakaa kimya, halafu akaniandikia kwamba niko eneo la timu hiyo ila naweza kuitazama dakika 90 baada ya mechi kuisha. Dakika 90! Muda huo Simba na Yanga wameshacheza wamemaliza na ugomvi umeshaanza. Nikamjibu kwa upole tu, ndugu yangu, mimi nimelipia kuiona timu hii na si nyingine. Akanijibu hivi, nawatafsiria: "Kwa wanavyocheza msimu huu, labda tunakufanyia hisani." Akabandika na kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi.

Yaani nilisoma mara mbili. Hela umechukua, mechi umeninyima, na bado unanicheka? Timu yangu naitukana mimi. Nimeitukana kwa Kiswahili, nimeitukana kwa Kiha, na sofa yangu ni shahidi. Mwanangu nikimwita mzembe ni sawa, jirani akimwita mzembe tutaitana barazani. Nikamwomba msimamizi wake, akaniambia msimamizi atanipigia. Mpaka leo nasubiri hiyo simu, na namba sijabadilisha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jamaa hakusema uongo. Usiku huo huo walifungwa tena. Jamani mimi nimetoka nchi ambayo Simba alifungwa 5-1 na Yanga Novemba 2023 na kocha Robertinho hakumaliza wiki. Mechi moja! Huku White Sox walimwacha kocha Pedro Grifol mpaka zikapotea mechi 89 ndio wakamfukuza, na kichekesho ni kwamba zile 21 mfululizo alizivuka akiwa bado na kazi, wakashinda moja, wakafungwa inayofuata, ndio akaambiwa kwaheri. Mashabiki uwanjani wakaishia kumwimbia mwenye timu, Jerry Reinsdorf, auze. Na mimi nilitaka kuimba nao, hata kutoka sebuleni, lakini utaimbaje mbele ya kioo cheusi?

Sasa ngoja niwe mkweli, maana hapa nyota ninazoipa apu zinapanda. Ndani ya hiyo hiyo apu, chini kabisa, wameficha redio. Ile haizimwi. Usiku ule wa Agosti walipoukata ule mkosi wa 21, wakiwa Oakland, niliweka spika za masikioni nikazima taa nikijiambia nasikiliza iningi moja tu, yaani kipande kimoja kati ya tisa vya mechi, nilale. Wakashinda 5-1! Mtangazaji anapaza sauti na mimi napaza, mama watoto akatoka chumbani mbio akidhani kuna msiba nyumbani, namwambia tumeshinda, ananiuliza tumeshinda nini, kombe? Namwambia hapana, mechi moja. Akaniangalia akarudi kulala. Usiku ule ungeniuliza ningewapa nyota nne na kikatuni chao ningewasamehe, maana redio yao ilitoka safi mpaka unasikia rungu linavyogonga mpira.

Lakini subiri. Msimu umekwisha, nimeshasahau, msimu uliofuata unakaribia kuanza naona kwenye benki wamekata hela ya mwaka mzima. Hawajaniuliza! Nikaandika barua pepe, nikajibiwa asante kwa kuwa shabiki mwaminifu, malipo hujirudia yenyewe. Kumbe kunionyesha mechi mtambo hauwezi ila kukata hela unaweza bila kusukumwa. Nyota zikashuka hapo hapo zikawa moja. Na huo msimu wa 2025 nao wakafungwa 102, wakati kule Roma tumepata Papa Leo XIV, mzaliwa wa Chicago na shabiki wa White Sox kabisa, yeye 2005, mwaka waliobeba ubingwa, alikuwa uwanjani kwenye mechi ya kwanza ya fainali. Kama kuna mtu wa kutuombea ni yeye, na bado 102. Apu siwezi kuilaumu kwa hilo, ingawa siku nyingine nailaumu tu.

Kwahiyo niwaambieje? Kama uko Iowa na unashabikia Boston au Seattle, nunua, utafurahi. Kama timu yako ni moja ya zile sita, usiguse kifurushi kikubwa, kuna cha redio peke yake, bei yake ya chini sana na mechi zote unazisikia. Mimi naweka nyota mbili, zote za redio. Na kabla hujaweka kadi yako nenda kwenye mipangilio ukazime malipo ya kujirudia, wamekiweka ukurasa wa mwisho kabisa, kitufe cha kijivu.