DistroKid kwa msanii asiye na lebo

Tangu ianzishwe mwaka 2013, DistroKid, huduma ya kusambaza muziki mtandaoni, imechukua kazi moja iliyokuwa ikiwapeleka wasanii kwenye milango ya lebo: kufikisha muziki sokoni. Unalipa ada ya mwaka, unapakia nyimbo bila kikomo, nazo zinapelekwa Spotify, Apple Music, YouTube Music na kwingineko. Mirabaha ya strimu unaipata yote, na masta, yaani rekodi yenyewe na haki zake, ni yako. Kwa kazi hiyo ni huduma nzuri na ya haraka. Wanaoishia kulalamika ni wale walioichukulia kama lebo ya bei nafuu.

Tuanze na hesabu ya lebo. Tuseme msanii amepewa dola 20,000 za kianzio, yaani pesa ya kutanguliziwa inayorudishwa kutoka mapato ya muziki, na mkataba unampa asilimia 20 ya mapato. Kianzio hukatwa kwenye fungu lake, si kwenye mapato yote, kwa hiyo muziki lazima uingize dola 100,000 ndipo deni liishe. Gharama za studio na video nazo mara nyingi hutupiwa humo humo. Deni likiisha, masta bado ni ya lebo. Hata hivyo, pesa hiyo ndiyo iliyomlipa prodyuza, fundi wa miksi, mpiga picha na mtu wa kuwasumbua watangazaji wa redio. Ukiwa na DistroKid, hao wote unawalipa mwenyewe.

Ada ya mpango wa chini, unaoitwa Musician (yaani mwanamuziki), ni kama dola 25 kwa mwaka. Kasoro yake kubwa ni kwamba hauruhusu kuchagua tarehe ya wimbo kutoka, jambo la ajabu kwa mpango wenye jina hilo. Tarehe ina uzito wake: ili wimbo mpya uwafikie wafuasi wako kupitia Release Radar, orodha ya nyimbo mpya ambayo Spotify humwandalia kila msikilizaji, unatakiwa kuuwasilisha kwa wahariri wao angalau siku 7 kabla haujatoka. Bila tarehe ya mbele, nafasi hiyo inakuponyoka. Anayejali uzinduzi achukue mpango wa juu yake, Musician Plus, na apakie wiki 3 au 4 mapema ili kuwe na muda wa kurekebisha makosa.

Faili zenyewe hazina shida: WAV, na kava ya mraba ya pikseli 3000 kwa 3000 isiyo na anwani za mitandao wala bei. Jina la msanii ndilo linaloleta balaa. Kama kuna mwingine anayelitumia, wimbo wako unaweza kuangukia kwenye ukurasa wake na strimu zikahesabiwa kwake. Wakati wa kupakia, chagua ukurasa wako kwa mkono.

Kuna nyongeza mbili za kulipia zinazohitaji tahadhari. Ukiacha kulipa ada ya mwaka, nyimbo zinaweza kuondolewa. Kinga yake ni Leave a Legacy, dola 29 kwa singo na 49 kwa albamu, unalipa mara moja kwa kila toleo. Mwenye singo 10 anatafuta dola 290, na hapo ule unafuu wa mwanzo umeyeyuka. Nyongeza ya pili ni Content ID ya YouTube, mfumo unaotambua muziki wako kwenye video za wengine na kukudaia mapato yake, yenye ada yake ya mwaka na makato ya asilimia 20 ya mapato. Usiiwashe kama biti uliikodi bila haki ya kipekee. Wasanii wengine wamekodi biti hiyo hiyo, mfumo utaanza kudai video zao kuwa zako, na malalamiko yatakurudia wewe.

CD Baby, msambazaji mwingine, inafuata njia tofauti: kuanzia dola 9.99 kwa toleo, mara moja tu, kisha inakata asilimia 9 ya mapato. Ukiacha ada ya toleo, asilimia 9 hiyo inalingana na dola 25 za DistroKid kwenye mapato ya takriban dola 278 kwa mwaka. Chini ya hapo, na kama unatoa nyimbo chache, CD Baby ina nafuu. Anayetoa wimbo kila mwezi abaki DistroKid.

Kote kuwili, mirabaha ya usambazaji ni ya rekodi tu. Haki za mtunzi zinafuatwa kupitia chama cha hakimiliki. Tangu 2024 Spotify hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo usiofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12, na huwatoza faini wasambazaji kwa nyimbo zenye strimu bandia nyingi. Ukinunua nafasi kwenye orodha za kucheza, faini hiyo inaweza kukufuata wewe.

Ukihama kutoka kwa msambazaji mwingine, au lebo ikikurudishia masta, nakili kwanza ISRC ya kila wimbo, ile namba ya utambulisho wa rekodi, yenye jumla ya alama 12 za herufi na tarakimu. Pakia faili ile ile, yenye urefu ule ule, majina yale yale na ISRC ile ile. Subiri toleo jipya lionekane na idadi ya strimu ilingane, ndipo uombe la zamani liondolewe. Ukitanguliza kufuta, wimbo unatoka kwenye orodha zote ulimokuwa.