Nilivyopeleka hedi ya Datsun 240Z ya marehemu babangu kuskimiwa

Usipeleke hedi yako, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, kwenye karakana niliyopeleka yangu kuskimiwa, yaani kukwanguliwa uso kwa mashine mpaka unyooke. Nilitaka kuandika hivyo tu siku ileile, nikashindwa, mkono ulikuwa unatetemeka. Sasa nimepoa kidogo, nitasimulia yote, pamoja na lile jema, maana lipo.

Gari ni Datsun 240Z. Watu wa rika la babangu wanaikumbuka: ndiyo iliyochukua Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda nayo tena kwa chupuchupu, kwani yeye na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine, walimaliza kwa alama sawa. Babangu hakuwahi kushindana popote. Aliipenda tu. Alipougua akaifunika turubai, na chumvi ya hewa ya Mombasa haina huruma na bati.

Bodi nimeihangaikia mwenyewe nyuma ya nyumba, Tudor. Chini ya betri kutu ilikuwa imekula mpaka unaona ardhi. Nilikata, nikachomelea bati jipya. Pointi za kuwashia cheche nimezitoa, nikaweka mfumo wa kielektroniki. Hayo nayapita. Kilichoniuma ni hedi.

Hedi ya injini hii ni ya aluminiamu, imekalia bloku ya chuma, na injini ikichemka kupita kiasi hupinda. Yetu ilikuwa imepinda. Nilichonga kabari ya mbao nikaipachika kuzuia tensiona, kile kikaza cheni, isichomoke, maana ikichomoka utafungua mbele yote ya injini. Nikafungua boliti zote 14, nikachomoa kamshafti, ile shafti inayofungua vali, taratibu, nikafunga hedi kwa kanga nikaipakia kwenye tuktuk.

Mwenye karakana hakuitikia hata salamu yangu. “Mamangu, mwambie mwenye gari aje tuzungumze.” Nikamwambia mwenye gari ni mimi. Akatazama nyuma yangu, akamuuliza dereva wa tuktuk: “Wewe ndiye mwenyewe?” Dereva masikini akatikisa kichwa.

Nikameza. Nikamwambia kwa adabu: “Mzee, naomba jambo moja tu. Ile minara mitano inayoshika kamshafti usiifungue.” Nikamweleza kwamba kiwandani matundu yake huchongwa yote kwa pamoja, minara ikiwa imeshafungwa juu ya hedi, kwa hiyo kila mmoja una mahali pake, na ukiichanganya kamshafti haitazunguka. Hata kitabu cha mafundi cha gari hili kinakataza kuifungua. Akacheka mbele ya wafanyakazi wake. “Bibiye, mimi nimeshika spana kabla mamako hajaolewa.”

Aliahidi siku tatu. Nilikwenda na kurudi kama wiki mbili. Siku niliyoipata, minara yote mitano ilikuwa ndani ya ndoo ya dizeli, imechanganyika na nati za magari ya watu. Nilipomuuliza kwa nini, hakuinua macho: “Kazi imekwisha, lipa.” Nililipa yote. Risiti, hakuna. Kijana mmoja wa pale alinibebea hedi mpaka kwenye tuktuk, akasema neno, nami kwa hasira sikumsikiliza.

Nyumbani nikabahatisha mpangilio. Kamshafti ikapita minara miwili, wa tatu ikagoma kama imepigwa kabari. Nikabadilisha, ikagoma wa pili. Nililia pale bandani, sioni haya kusema. Si kwa ajili ya chuma. Babangu aliondoka na kila kitu cha injini ile kikiwa mahali pake, na mimi ndiye niliyekitoa.

Lakini haki ni haki. Uso wa ile hedi nimeuwekea rula ya chuma na tochi nyuma yake: hakuna hata uzi wa mwanga, pande zote na kwa mshazari. Sijaona kazi iliyonyooka hivyo. Mzee yule mashine anaijua, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi, kwa sababu hana kisingizio.

Ni usiku, nikiosha dizeli, ndipo nilipoona mikwaruzo ya msumari ubavuni mwa minara. Mstari mmoja, miwili, mpaka mitano, na kishale kinachoonyesha mbele. Yule kijana aliweka alama kabla ya kufungua. Nadhani ndilo neno alilokuwa akiniambia.

Nikapaka oili, nikafunga minara kwa kufuata alama, boliti zikiwa zimelegea, nikapitisha kamshafti. Nikawa nakaza kidogo, nagonga mnara kwa nyundo ya mpira, nazungusha, nakaza tena. Karibu na alfajiri ikazunguka kwa vidole viwili. Hedi ikipungua unene cheni hulegea na kamshafti huchelewa, kwa hiyo nilihamisha gia yake kutoka tundu namba 1 hadi namba 2. Injini ikawaka. Mama alitoka jikoni, akasimama mlangoni, hakusema kitu.

Basi nenda, kazi utaipata. Ulizia yule kijana. Hapana, nafuta. Kijana hana sauti pale, na mwanamke mwingine atakayefika na gari lake ataulizwa mwenyewe yuko wapi. Usiende. Kijana nilimtafuta jioni moja nje ya geti, nikampa chake mkononi, nikamwomba radhi.

Sasa shafti za kabureta zote mbili zimelika, zinavuta hewa pembeni, silensa, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, haitulii. Hiyo ni kazi ya tona, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, na tona niliyeona kazi yake ikinyooka ni mmoja tu. Nimezifunga kwa kanga ileile. Zina siku kadhaa pale mezani.