Uzoefu wangu na Aya wa Yopougon: katuni ya Abidjan niliyoisomea Temeke

Nilikulia katika nyumba ambayo jarida la katuni la Sani lilisomwa kwa zamu. Kaka yangu ndiye aliyelinunua, baba alijifanya halioni kisha akalisoma peke yake baada ya taarifa ya habari, na mimi nililipata mwisho, likiwa limechakaa na mara nyingine ukurasa wa Lodi Lofa umekwisha kukatwa na mtu ambaye hadi leo hajakiri. Nalitaja hilo mapema ili msomaji ajue kipimo ninachotumia. Katuni kwangu ni kitu cha kusomwa kwa sauti, watu wawili wakiwa wameegemeana, mmoja akiigiza sauti ya mhusika Ndumilakuwili na mwingine akimkatisha kwa kicheko.

Kitabu ninachokizungumzia ni juzuu la Kiingereza linalokusanya vitabu vitatu vya mwanzo vya Aya wa Yopougon. Aliyekiandika ni Marguerite Abouet, mzaliwa wa Abidjan, Côte d'Ivoire, mwaka 1971, ambaye alipelekwa Ufaransa akiwa na umri wa miaka 12. Aliyekichora ni Clément Oubrerie, Mfaransa. Kitabu cha kwanza kilitoka Paris mwaka 2005, na mwaka uliofuata kikatunukiwa tuzo ya kitabu cha kwanza katika tamasha la katuni la Angoulême. Niliagiza nakala yangu kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Ilichelewa zaidi ya mwezi, na ilipofika kona moja ya jalada ilikuwa imelowa maji, jambo ambalo muuzaji alilijibu kwa kunitakia usomaji mwema. Bei pamoja na usafirishaji ilikaribia shilingi laki moja. Kwa mtu aliyezoea kununua jarida la katuni kwa nauli ya daladala, hiyo ni bei ya kumfanya akae chini kwanza.

Hadithi inaanza mwaka 1978, na inaanzia mbele ya televisheni: familia na majirani wamekusanyika kutazama tangazo la bia ya Solibra, kiwanda anachofanyia kazi Ignace, baba yake Aya. Hapo nilisimama kidogo. Mwaka huohuo Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu 1973, lakini sisi wa Bara tungeendelea kusubiri hadi 1994, na habari kubwa sebuleni kwetu ilikuwa ya redio, kuhusu vita vya Kagera. Côte d'Ivoire ya Rais Houphouët-Boigny ilikuwa bado inakula matunda ya kahawa na kakao, na hali hiyo inaonekana katika katuni bila mtu yeyote kuhutubia: katika magari, katika viatu vya wasichana, katika jinsi baba anavyomwota mtoto wa bosi kuwa mkwe wake.

Aya ana miaka 19 na anataka kuwa daktari. Rafiki zake wawili, Adjoua na Bintou, wanataka kwenda kucheza muziki. Wao wakazi wa Yopougon wameuita mtaa wao Yop City ili usikike kama filamu ya Marekani, kama vijana wa kwetu walivyoifanya Temeke ikawa TMK. Usiku, soko linapofungwa, meza za wachuuzi zinageuka kuwa mahali pa wapenzi kukutania, na watu wamepaita Hoteli ya Nyota Elfu. Kutokana na hoteli hiyo inapatikana mimba, kutokana na mimba inapatikana harusi, na baada ya harusi anazaliwa mtoto ambaye sura yake inaleta maswali. Siendelei zaidi ya hapo, kwa kuwa utamu wa kitabu umo katika kuona nani atatambua nini, na lini.

Jambo lililonifanya niandike maoni haya ni sentensi moja ya Aya. Anawaambia rafiki zake kwamba hataki kuishia kwenye ule mkondo wanaouita Série C, ambao kwa Kifaransa herufi yake inasimama kwa maneno matatu yanayoanza nayo: ususi, ushonaji na kumwinda mume. Mfasiri wa Kiingereza amejitahidi kutafuta maneno matatu yanayoanza kwa herufi hiyohiyo, na amefanikiwa, lakini unalisikia jasho lake. Nilikuwa nasoma kwa sauti, kama nilivyozoea, na kabla sijafikiri mdomo wangu ulikwisha sema: kusuka, kushona na kusaka mume. Yalikuja yenyewe, tena kwa mpangilio uleule, na kila neno likiwa na mlio wake. Tangu hapo nilisoma kitabu chote nikiwa na Kiswahili kichwani, na niligundua kwamba maneno ya mama mtu akimkaripia binti, ya baba akijitetea kuhusu alikolala, ya kijana asiye na senti akimsifia msichana kupita kiasi, yote yalikuwa yanangoja tu kuvuka.

Michoro ya Oubrerie haina papara. Mara nyingi ukurasa una visanduku sita vilivyopangwa sawasawa, mistari yake ni ya haraka kama ya mtu anayechora huku anasikiliza, na kazi kubwa ameiachia rangi: mchana wa Yopougon una umanjano wa vumbi, usiku una giza zito ambamo watu wanaonekana kwa nguo zao tu. Anawajua wanawake kwa namna wanavyosimama. Fanta, mama yake Aya, ambaye watu humjia awatibu, anasimama tofauti kabisa na Bintou, na ungewatambua hata kama viputo vya maneno vingefutwa.

Hata hivyo, kuna jambo linalonikera kidogo, nalo si kosa la kitabu. Wasomaji wengi wa ng'ambo wanakiona kama mwanzo wa katuni za Afrika, ilhali Abidjan yenyewe ilikuwa na wahusika Zézé na Dago katika jarida la Ivoire Dimanche katika miaka ya 1970, na tangu 1999 ina gazeti la vichekesho la Gbich!, lililoanzishwa na wachoraji wa palepale. Kinshasa walikuwa na Jeunes pour Jeunes tangu 1968, likisema lugha ya vijana wa mitaani. Dakar, T.T. Fons alimchora Goorgoorlou, mwanamume anayeamka kila siku kutafuta hela ya matumizi ya mkewe Diek. Nairobi, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo kadhaa, na kwetu Chakubanga alikuwa amekwisha vunja watu mbavu katika gazeti la Uhuru kabla mimi sijazaliwa. Wote hao walichorwa kwa ajili ya majirani zao, kwenye karatasi ya gazeti, na ndiyo sababu hawakuvuka mipaka: karatasi hiyo ilifungiwa maandazi kesho yake. Aya amechapishwa kwa karatasi nzito na anasafiri kwa ndege. Ukimsoma baada ya kumjua Goorgoorlou utamwona kuwa ni ndugu yao, mwenye pasipoti tu.

Kasoro nilizoziona ni chache. Kitabu cha tatu kina wahusika wengi mno, kiasi kwamba nililazimika kurudi nyuma kukumbuka Hervé ni ndugu wa nani. Herufi za kwenye viputo ni ndogo kwa macho ya mtu wa umri wangu chini ya taa ya umeme wa luku inayopunguzwa makali. Aidha, si kitabu cha kumpa mtoto wa shule ya msingi. Kuna pombe, kuna mambo ya Hoteli ya Nyota Elfu, na hakuna anayeyafunika. Kwa kijana wa kidato cha tatu na kuendelea sioni tatizo, na nadhani wazazi watajifunza zaidi kuliko yeye.

Mwishoni kuna kurasa za nyongeza ambazo sikuzitarajia: maana za maneno ya mitaani ya Abidjan, namna ya kujifunga kitenge, jinsi ya kutikisa kiuno unapotembea, maji ya tangawizi, na mchuzi wa karanga. Nilipika huo mchuzi Jumapili kwa kuku wa kienyeji. Mama alionja, akauliza kwa nini nimehangaika kufungua kitabu cha Kizungu kwa ajili ya pishi alilolipika yeye Tabora tangu akiwa msichana, kisha akaongeza wali.

Binti wa dada yangu, aliye kidato cha nne, amekwisha kichukua kitabu. Nimemnunulia vile vikaratasi vya kubandika vinavyotoka bila kuchafua ukurasa, naye anaandika juu yake Kiswahili cha kila kiputo kwa penseli, na jioni tunasomeana. Yeye ni Bintou, mimi ni mama zao wote. Tumefika ukurasa wa 40, na tumegombana mara mbili kuhusu neno la kumwitia kijana mtanashati asiye na kazi: yeye anataka la leo, mimi nataka la mwaka 1978. Juzuu la pili, lenye kitabu cha nne hadi cha sita, nimekwisha liagiza kwa muuzaji mwingine, na nimemwomba alifunge kwa nailoni.