Utabiri wa bahari usiolipiwa: upi unamfaa anayevuka kwenda Mafia?

Mtu anayevusha shehena kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, au anayepeleka abiria Unguja kutoka Dar es Salaam, siku hizi hakosi utabiri. Kazi iliyobaki ni kujua ausikilize upi. Kwenye simu yake anaweza kufungua taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA, ramani za kituo cha vimbunga kilichoko kisiwani Réunion, taarifa za kituo cha jeshi la Marekani cha Pearl Harbor na programu ya Windy yenye rangi zinazotembea, na zote hazimgharimu zaidi ya bando. Mimi ni mtu wa mizigo, si mtaalamu wa hali ya hewa, na huduma hizi nimezifuata kwa misimu kadhaa, kwa hiyo ninazipima kwa kigezo kimoja: zinamsaidiaje nahodha kuamua kama ang'oe nanga au abaki bandarini.

Nianze na Réunion, ambako Météo-France ina kituo kilichopewa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani dhamana ya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, kuanzia pwani ya Afrika hadi longitudo 90 mashariki. Majina ya dhoruba hutolewa na Madagaska au Morisi, kutegemea kama imeimarika magharibi au mashariki ya longitudo 55, lakini nguvu yake hupimwa Réunion. Dhoruba ikishakuwa hai, kituo hutoa taarifa kila baada ya saa 6, ikieleza kitovu kiko wapi, kinasogea kuelekea wapi, mgandamizo wa hewa ni kiasi gani na upepo mkali umefika umbali gani katika kila robo ya duara, pamoja na makadirio ya siku tano zijazo. Hicho kipengele cha robo za duara wengi hukipita haraka, nacho ndicho chenye faida kubwa kwa mwenye chombo, kwa sababu kimbunga hakivumi sawa pande zote, na chombo kilicho mbali na kitovu upande mmoja kinaweza kupata tabu kuliko kilicho karibu upande wa pili.

Chini ya tarakimu hizo huwa kuna maelezo ya mtabiri, ambayo kwangu ndiyo sababu ya kuipa huduma hii nafasi ya kwanza katika masuala ya vimbunga. Anaeleza kwa nini anadhani dhoruba itapungua au itaongezeka nguvu, kama ni kwa hewa kavu inayoingizwa ndani, au kwa upepo wa juu unaovuma tofauti na wa chini na kukipindisha kimbunga, au kwa joto la bahari, na anasema waziwazi pale modeli, yaani hesabu za kompyuta za kutabiri hewa, zinapopingana. Mei 2024, kimbunga Hidaya kiliposogea kutoka mashariki kuelekea Mafia, maelezo hayo yalikuwa na thamani kuliko ramani yoyote. Ilikuwa dhoruba ya nje ya kawaida kwa tarehe na kwa mahali, kwani karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuusokota upepo, na ndiyo maana vimbunga vilivyoifikia pwani yetu vikiwa na nguvu ni vya kuhesabika, kama kile cha Unguja cha Aprili 1872 na kile cha Lindi cha Aprili 1952. Hidaya ilifikia daraja la kimbunga kamili ikiwa baharini, ikaanza kudhoofika kabla ya kufika nchi kavu tarehe 4 Mei, na usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ulisitishwa.

Kasoro ya Réunion ni lugha na vipimo. Taarifa huandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, nyingine kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, kasi ikiwa katika maili za baharini kwa saa na wakati ukiwa wa kimataifa. Upepo wa maili 34 za baharini, unapoanzia daraja la dhoruba, ni takriban kilomita 63 kwa saa. Saa ndizo huleta mkanganyiko zaidi: 0600 ya wakati huo wa kimataifa ni saa 3 asubuhi kwetu, 1200 ni saa 9 alasiri, 1800 ni saa 3 usiku na 0000 ni saa 9 usiku. Ikumbukwe pia kwamba saa iliyoandikwa ni ile ambayo kitovu kilipimwa, si ile ambayo taarifa ilitoka, kwa hiyo anayeisoma mchana anasoma mahali kimbunga kilipokuwa asubuhi.

Pearl Harbor sina mengi ya kusema juu yake. Kituo hicho huhudumia meli za jeshi la Marekani, na takwimu zake huonekana kubwa kuliko za Réunion kwa sababu hukokotoa wastani wa upepo wa dakika 1, wakati Réunion hutumia dakika 10. Kila dhoruba inapokaribia, picha za vituo vyote viwili husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, na watu hugombana kama kimbunga kimezidi nguvu, kumbe ni kilekile kilichopimwa kwa namna mbili. Kategoria nazo, yaani madaraja ya nguvu ya vimbunga, zisihamishwe kutoka bahari moja kwenda nyingine: kategoria ya 3 ya Australia huanzia kwenye upepo ambao kituo cha Marekani kilichoko Miami kingeuita kategoria ya 1 tu.

Nimeitaja Miami, nami nikiri kwamba kituo cha taifa cha vimbunga cha Marekani hakitoi chochote kuhusu bahari yetu. Eneo lake ni Atlantiki na mashariki mwa Pasifiki, huku Honolulu ikiangalia Pasifiki ya kati. Hata hivyo, kwa namna ya kumweleza raia sijaona mfano wake. Dhoruba moja huelezwa kwa taarifa fupi ya umma, kwa uchambuzi wenye jina la mtabiri aliyeuandika, na kwa jedwali la uwezekano wa upepo kwa kila mji, hivi kwamba ndugu yetu anayeishi Houston anaweza kuona asilimia za mji wake bila kukisia. Umbo la koni linalochorwa mbele ya dhoruba ndilo pekee linaloeleweka vibaya: linaonyesha mahali ambapo kitovu kinatarajiwa kupita, na takriban mara moja kati ya tatu kitovu hutoka nje yake, wakati upepo na mvua huweza kufika mbali kabisa na mipaka ya koni hiyo. Jedwali la aina ile kwa Mtwara, Kilwa, Kilindoni, Tanga na Wete ningelipokea kwa mikono miwili.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya mwaka hakuna kimbunga cha kufuatilia, na bahari inaua vilevile. Siku MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe, Julai 2012, mbali na maswali yaliyoulizwa juu ya chombo chenyewe, upepo ulikuwa mkali na bahari imechafuka kwa kusi la kawaida. Hapo Réunion haina msaada mkubwa, na anayetegemewa ni TMA kwa taarifa yake ya hali mbaya ya hewa ya siku tano. Imeandikwa kwa Kiswahili safi, ina ramani yenye rangi ya njano kwa angalizo, ya chungwa kwa tahadhari na nyekundu kwa tahadhari kubwa, na inataja mambo mawili ambayo huduma nyingi kubwa huyaacha: uwezekano wa hali hiyo kutokea, na athari zinazoweza kujitokeza, kama vile kusimama kwa uvuvi na usafirishaji baharini. Nahodha asiyejua mgandamizo wa hewa ni nini anaielewa athari hiyo mara moja. Kwa uamuzi wa kuondoka au kubaki, taarifa hii ndiyo ya kwanza kufunguliwa, na inapokataza sioni sababu ya kutafuta programu nyingine itakayoruhusu.

Udhaifu wake uko kwenye upana. Onyo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 mara nyingi hutolewa kwa mikoa yote ya pwani kwa pamoja, kutoka Tanga hadi Mtwara pamoja na visiwa, ilhali aliye nyuma ya mwamba karibu na Bagamoyo na aliye kwenye mkondo wa Pemba hawakabiliani na bahari moja. Tena mita 2 si kimo cha wimbi kubwa kuliko yote. Katika utabiri wa bahari kipimo hicho kwa kawaida ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, na wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili ya hapo. Mwenye ngalawa anapaswa kuambiwa hivyo kwa sentensi moja kwenye taarifa yenyewe.

Windy ni nzuri kwa kutazama, na ni rahisi mno kuiamini. Huonyesha matokeo ya modeli kama ya Ulaya na ya Marekani yalivyo, bila mtabiri kuyapitia, na ukibadilisha modeli upepo wa kesho hubadilika mbele ya macho yako. Mraba mmoja wa modeli ya Ulaya una upana wa kilomita 9 hivi, kwa hiyo miamba na vijia vya maji kati ya visiwa vidogo vya Mafia haviko humo.

Kuna pia suala la mkondo wa maji ya bahari, ambalo halijashughulikiwa vya kutosha na yeyote. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo kusi huvuma nao na kaskazi huvuma dhidi yake, na upepo uleule wa Januari huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima ambayo mita zilizoandikwa hazielezi. Kinachosaidia ni muda kati ya wimbi na wimbi: mita 2 kila baada ya sekunde 12 ni bahari inayopanda na kushuka polepole, mita 2 kila baada ya sekunde 5 hujaza boti maji. Onyo la TMA hutaja kimo bila muda huo, Windy inao kwenye tabaka la mawimbi, na kwa sasa ndiyo sababu pekee inayonifanya niifungue baada ya kusoma taarifa ya Mamlaka.