Noah ya kukodi Dar: kuzunguka mji na kusalimia ndugu

Tulitoka Mwanza na mama mkwe, tukakodi Noah na dereva wake kutwa nzima. Bei tulielewana usiku, mafuta ndani. Asubuhi, hata Ubungo hatujapita, akaanza: "Dada, foleni hii inakula mafuta, mniongeze kidogo." Sikuongeza hata mia. Kiyoyozi nacho kilipuliza joto tu, tukafungua vioo.

Ila mji anaujua. Posta alitupitisha kwenye Sanamu ya Askari, iliyopo pale tangu 1927, kisha akatushusha Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert. Mama mkwe hakuwa na habari na mafuvu ya kale yanayoonyeshwa humo. Aliganda kwenye magari ya zamani ya viongozi, akitaka kujua nani alikuwa anayaosha.

Kigamboni tulipita Daraja la Nyerere, kivukoni watu walikuwa wamejaa mno. Na kwa shangazi ndipo dereva alipojipatia nyota zake. Tulisema tunasalimia tu, kumbe pilau iko jikoni. Shangazi akamfuata garini: "Baba, kwangu hakuna mgeni wa kukaa nje. Shuka unawe." Akala, akamsaidia kubeba viti uani, akasubiri mpaka baada ya magharibi bila kupiga honi wala kununa.

Nampa nne kati ya tano. Nitamchukua tena, lakini bei aniandikie kwenye meseji kabla hajawasha gari, na kiyoyozi akitengeneze.